Bati Lilipogeuka Maneno

9 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kidonda kimekauka na usingizi umerudi. Sisi huku tu wazima. Mama Mdogo alipitiwa na mafua juma lililopita, lakini hayakumfunga mdomo. Alisuka vichwa vinne akipiga chafya na kusengenya kwa zamu.

Anasema barua ni mambo ya kizamani, nikutumie ujumbe wa simu. Nimemkumbusha maneno yako kwamba ujumbe wa simu unasomeka kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Akasema, "Na mbwa mwenyewe ni dada yangu." Basi naandika, na dereva wa basi la asubuhi amekubali kubeba bahasha zetu.

Mama, nimepata kazi. Tangu mtihani wa mwisho nilikuwa nakaa ndani nikihesabu nyufa za dari, mpaka Mama Mdogo akasema nitaota uyoga. Mteja wake mmoja anafanya usafi kwenye taasisi ya utafiti, ile yenye uzio wa kijani nyuma ya kituo cha mabasi. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuosha chupa na kupika uji wa nzi. Umesoma sawasawa: uji wa nzi. Ni wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva sana. Wanakula uji wa mahindi uliotiwa sukari na hamira. Wanaishi maelfu kwa maelfu ndani ya chupa zilizozibwa kwa pamba, na nusu ya chupa ziko kwenye kabati lenye joto kali.

Mkubwa wetu tunamwita Daktari wa Nzi. Ni mzee mpole, koti lake limetobolewa na dawa. Aliniuliza habari za nyumbani nikamjibu maneno sita hivi. Mengine alimalizia Mama Mdogo aliyenisindikiza: kwamba dawa za kifua zilikuponya zikaondoka na masikio yako nikiwa darasa la kwanza, na kwamba sasa umepasuliwa na kuwekewa kifaa, unangoja kiwashwe. Daktari aliacha kuandika akamsikiliza mpaka mwisho.

Kazi inanifaa. Nzi hawasalimii, wala hawaulizi mbona huongei.

Wakikiwasha, nieleze ni kitu gani ulichosikia kwanza.

Mwanao


20 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Kidonda kimepona, nywele upande mmoja zinaota kama za kitoto. Mwambie mdogo wangu asiote ndoto za kunisuka kabla ya miezi kadhaa. Wewe unakula? Uji wa nzi usiuonje.

Najua jina la Chiriku hulipendi siku hizi, lakini vumilia. Mara ya mwisho kukusikia ulikuwa chiriku kweli. Ulikuwa unaongea mpaka usingizini.

Juzi wamekiwasha. Nilitegemea nisikie watu. Nimesikia bati. Kijana anayetufundisha, tunamwita Mwalimu wa Sauti, alifungua mdomo kunisalimia, na kilichotoka ni vijiko vikimwagwa kwenye karai. Muuguzi akaongea: vijiko. Mlango ukafungwa: vijiko. Nikakohoa mwenyewe, vijiko.

Ameniandikia ubaoni kwa nini. Sikio la kuzaliwa nalo lina vinywele maelfu, kila kimoja na sauti yake. Mimi nimepewa waya wenye vituo ishirini na viwili tu. Nikamuuliza, vituo ishirini na viwili vitafanyaje kazi ya maelfu? Akaandika: "Kichwa chako kitajipanga." Nani atakipanga? Akafuta ubao, akaandika neno moja: "Hakuna." Halafu akatabasamu kama mtu aliyenipa zawadi.

Tupo wawili tuliowashiwa siku moja. Mwenzangu ni mzee aliyekuwa refa wa mpira. Anasema, "Maisha yangu yote nimepuliza filimbi. Sasa filimbi inanipuliza mimi." Tunaandikiana kwenye vikaratasi tukicheka kama watoto nyuma ya darasa.

Sasa sikiliza. Mwalimu wa Sauti anataka sauti ya mtu wa nyumbani. Isome maneno ya kawaida mia moja, nami niyasikilize kila siku huku nikiyasoma, mpaka kichwa kiunganishe. Maneno nimeyaambatisha. Rekodi kwa simu, uweke kadi ya kumbukumbu ndani ya bahasha. Aliniuliza nataka sauti ya nani. Nikamwambia sikukubali kutobolewa fuvu ili nisikie redio wala honi za magari. Nilikubali kwa ajili ya koo moja tu, na mwenye koo hilo anapika uji wa nzi.

Mama yako


1 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Vipi vijiko? Naomba kila siku vipungue hata kimoja. Sisi wazima, ila bomba la uani linavuja tena.

Kadi imo ndani ya bahasha, nimeifunga kwenye pamba ya maabara. Maneno yote mia moja yamesomwa polepole na kwa sauti ya kusikika. Mama Mdogo alinisaidia sana.

Nataka nikusimulie nilichokiona, maana tangu jana sijatulia. Mchana, tukiwa tumemaliza kupika uji, Daktari alichukua kikaango kipana akatia mafuta kidogo sana, kina cha kucha. Akanyunyiza unga wa rangi ya fedha ili mwendo wa mafuta uonekane. Akawasha moto mdogo chini, akaenda kula mkate wake.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Unga ulielea tu. Halafu Mama, mafuta yakaanza kujigawa. Ukatokea mstari, ukakutana na mwingine, na kufumba na kufumbua kikaango kizima kilikuwa kimejaa vyumba vidogo vya pembe sita, vimebanana kama sega la nyuki. Ndani ya kila chumba mafuta yalipanda katikati na kushuka kwenye kuta. Hakuna aliyekoroga. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko mkavu.

Nilijisikia nikisema kwa sauti, "Nani anayapanga?"

Daktari alitafuna kwanza, akameza. "Kumbe unaongea," akasema. "Hakuna anayeyapanga. Chini kuna moto, juu kuna baridi, na mafuta yaliyo katikati lazima yaupitishe moto. Kila tone linasukumana na jirani yake tu. Halijui habari za kikaango."

Kisha akazima moto, na vyumba vikafutika.

Nikakumbuka ubao wa Mwalimu wa Sauti.

Mwanao


14 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, na bomba lifunge kwa mpira wa baiskeli mpaka fundi apatikane. Mimi mzima wa mwili.

Sauti yako imefika. Naisikiliza asubuhi na jioni, na ukweli mwanangu ni kwamba bado ni vijiko. Sasa ni vijiko virefu na vijiko vifupi. "Dirisha" ni virefu, "chai" ni kimoja kifupi. Na kadi yako ina hitilafu, kabla ya kila neno kuna mkwaruzo. Mkwaruzo, dirisha. Mkwaruzo, sabuni. Mwalimu wa Sauti anasema kadi haina kasoro, nisikilize tu. Nadhani ni kifaa changu.

Habari yako ya mafuta niliisoma mara tatu, halafu nikaenda kukaa kwenye kiti cha ukumbini. Asiyesikia ana macho, unajua. Saa ya kuwaona wagonjwa ilipofika, watu wakamiminika kutoka milango miwili, wa huku wanaenda kule, wa kule wanakuja huku, na ukumbi wenyewe mwembamba. Hakuna askari wala mshale sakafuni. Mwanzoni waligongana vifua. Kisha mtu mmoja akajificha nyuma ya mgongo wa mwingine aliyekuwa anaelekea upande uleule, na wa tatu nyuma yake, na kabla sijameza mate kukawa na mito miwili inayopishana pasipo kugusana. Nimekaa mjini maisha yangu yote na sikuwahi kuiona.

Halafu akaja mwanamke amebeba godoro kichwani, amelilaza kwa upana, na mito yote ikavunjika. Refa aliinuka akamnyooshea kidole kama anampa kadi nyekundu. Nilicheka kwa sauti, na nadhani kubwa mno, maana watu waligeuka.

Sasa mimi nina swali kwako wewe wa maabara. Watu wana macho na akili. Mafuta hayana kitu. Imekuwaje wote wafanye jambo lilelile?

Mama yako


24 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nafurahi mwili una nguvu. Bomba nimelifunga, na mafua sasa yamehamia kwangu.

Swali lako nilimpa Daktari. Nililiandika kwenye karatasi nikaliweka juu ya meza yake, akacheka, akasema, "Huyo mama yako angekuwa mwanafunzi wangu ningestaafu kwa raha." Jibu lake lilikuwa fupi: "Kila mmoja anamjali jirani tu. Mpango wa jumla unajitokeza wenyewe." Halafu akanipeleka kwenye kabati la joto.

Nzi wa humo walianza kuwekwa miaka mingi kabla sijaanza kazi. Joto lake, ukichukua chupa ya nzi wa kawaida ukaiweka, kesho asubuhi wengi wamelala chini miguu juu. Lakini hawa wa kabati wanaruka, wanapandana, wanataga.

Nikasema, "Wamejifunza kuvumilia."

"Nani kajifunza?"

"Nzi."

"Binti, humu hakuna nzi hata mmoja aliyejifunza kitu. Nzi ni mbumbumbu. Walioshindwa na joto walikufa. Wachache waliozaliwa na uwezo kidogo zaidi, kwa bahati tu ya kuzaliwa walivyozaliwa, wakazaa. Watoto wao vilevile. Na wajukuu. Basi, siri yote ni hiyo."

Nilihuzunika, Mama. Nilitazama ile chupa nikaona ni makaburi tupu. Nadhani alinisoma usoni, maana aliiinua chupa mbele ya dirisha akasema, "Itazame kwa upande mwingine. Kila aliyemo humu anatoka kwenye mstari ambao haujakatika. Na wewe pia. Rudi nyuma, kwa mama yako, kwa mama yake, pita watu wote, pita wanyama, rudi mpaka vidudu vya majini visivyo na macho. Katika mstari huo wote hakuna hata mmoja aliyekufa kabla hajaacha mtoto. Hata mmoja! Ungekosekana mmoja tu, leo nani angeosha chupa zangu?"

Nilibaki nimeshika pamba. Nilirudi nyumbani nikitazama watu barabarani, muuza vocha, polisi, mtoto aliyekuwa analia anataka kubebwa, na kila mmoja nikamwona yuko mwishoni mwa mstari mrefu kuliko ninavyoweza kufikiri, na hakuna aliyekuwa akishangaa isipokuwa mimi.

Usichoke na vijiko.

Mwanao


14 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje? Majuma matatu yamepita sijaona bahasha yako. Nimemuuliza dereva wa basi mwenyewe, kwa mdomo wangu, hata akashtuka. Anasema hajapewa kitu.

Mama Mdogo alituma ujumbe kwa muuguzi, akajibiwa, "Ni mzima, yupo chumbani." Mzima kwa namna gani? Mtu aliyezimia pia yupo chumbani.

Andika hata mstari mmoja. Andika neno "mzima" kwa mkono wako.

Mwanao


19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mzima. Hilo hapo, kwa mkono wangu.

Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kukufurahisha. Refa ameondoka. Alivua kifaa akakiweka juu ya dawati la Mwalimu wa Sauti, akaniandikia kikaratasi: "Mpira umekwisha." Nilimsindikiza mpaka getini. Siku ile ile nami nikavua changu. Kimo kwenye droo.

Usinilaumu. Umenisimulia mafuta na nzi, na nimefurahi navyo kuliko unavyojua. Lakini mimi si kikaango. Niko kwenye umri ambao mtu hata viatu vipya vinamsumbua. Miaka kumi nimeishi kwenye kimya, nimekizoea, nimekifagia na kukipanga kama chumba. Sasa wamenitupia takataka za bati chumbani mwangu, halafu wananiambia zitajipanga. Kila jioni kichwa kinaniuma mpaka meno. Hata maneno yako yale mia moja nimeanza kuyachukia, na hilo ndilo lililonitisha. Sitaki kuichukia sauti yako.

Mwisho wa mwezi ujao nitapanda basi nirudi. Tutaishi kama tulivyoishi. Mimi na wewe tulikuwa tunaelewana kwa macho vizuri tu.

Mama yako


22 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa kichwa, pole kwa Refa. Mama Mdogo amelia, ingawa anasema ni vitunguu. Mimi barua yako niliisoma kazini, nimeegemea kabati la joto, na nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya. Nilikwenda kugonga mlango wa Daktari bila kuitwa.

Nilimwuliza, "Nzi wakipata shida wanabadilika kwa wengi kufa. Mtu mmoja je, aliye hai, asiyetaka kufa wala kungoja wajukuu?"

Aliniambia nikae. Akasema hilo ndilo jambo linalomshangaza kuliko yote aliyosoma. Mstari ule mrefu, alisema, ulipitia kwenye joto na baridi na njaa za kila aina, na mwishoni ukazaa kiumbe ambaye kichwa chake hakijamalizwa kutengenezwa. Ndama anazaliwa na asubuhi hiyo hiyo anatembea. Mtoto wa mtu anazaliwa hajui lolote, kichwa kimeachwa wazi makusudi, au tuseme kana kwamba ni makusudi. Kinajijenga kulingana na kinachokijia. Njia inayopitwa inapanuka, isiyopitwa inaota majani. Nzi hubadilika kizazi kwa kizazi. Sisi tumerithi kubadilika tungali hai.

"Hata mtu mzima?" nikamwuliza. "Hata ambaye viatu vipya vinamsumbua?"

"Polepole zaidi. Na kwa maumivu. Lakini ndiyo, mradi njia ipitwe."

Mama, vile vyumba vya mafuta. Daktari alipozima moto vilifutika palepale, nami nilikusimulia hilo kama jambo dogo. Sasa naliona ndilo kubwa. Mafuta hayakuwa na haja ya kujua kitu, wala kuwa mapya. Yalihitaji moto usikatike. Usiku mmoja nimejaribu jikoni, nikawa nazima na kuwasha, nazima na kuwasha. Havikutokea hata kimoja.

Kifaa kiko kwenye droo. Nakuomba ukirudishe sikioni. Usisikilize maneno yangu kama yanakuudhi, sikiliza hata ndoo za wafagiaji. Usijaribu kuelewa. Acha tu moto uwake, mpaka siku ya basi. Ukifika siku hiyo bado ni bati, nitakupokea kituoni na tutazungumza kwa macho, na sitakutajia habari hii tena.

Sisemi hivi kwa sababu mimi ni mwerevu. Nasema kwa sababu naogopa.

Mwanao


11 Mei

Wewe binti,

Marahaba, ingawa hustahili. Kaa chini. Mwite na huyo mdogo wangu akae, na aweke chanuo chini.

Barua yako ilinikuta nimekasirika, nikakivaa kwa hasira ili nikuonyeshe. Nikakaa nacho siku nzima, na kesho yake, sifanyi zoezi lolote. Nilikaa dirishani. Ndoo, magurudumu ya kitanda, viatu. Sikujaribu kuelewa, kama ulivyosema. Siku moja nikagundua kwamba bila kugeuka nimejua anayekuja ni muuguzi mnene na si mwembamba. Nikageuka: ndiye. Sikujua nimejuaje.

Siku zilizofuata vijiko vikaanza kudondoka kimoja kimoja. Maji ya bomba yakawa maji. Karatasi ikawa karatasi. Nikasikia sauti ya mwanamke anayefoka ukumbini, nikaenda kumwangalia ni nani huyo asiye na adabu, na ukumbi ulikuwa mtupu. Nilikuwa mimi, namwita mfagiaji. Miaka kumi napiga kelele namna hiyo na hakuna aliyeniambia!

Basi juzi nikajipa moyo, nikarudi kwenye kadi. Nikafumba macho. Mkwaruzo, dirisha. Mkwaruzo, sabuni. Na "dirisha" lilikuwa dirisha, mwanangu, lenye kingo zake zote. Nikasema kimoyomoyo, huyu ndiye mtoto wangu. Mkwaruzo, kijiko. Mkwaruzo, mlango. Halafu, sijui niseme vipi, ni kama mtu aliyefuta kioo, mkwaruzo ukawa neno.

"Haya."

Haya, kijiko. Haya, mlango. Haya, kitunguu.

Katika dunia nzima kuna mtu mmoja tu anayesema "haya" kabla ya kila kitu, akikushika kichwa, akichambua nywele, haya inama, haya geuka. Mimi nilimsikia tangu anaanza kutamka. Nimelelewa naye kitanda kimoja!

Nilicheka mpaka Mwalimu wa Sauti akaja mbio. Nikamwambia, "Huyu si mwanangu, huyu ni mdogo wangu!" Kisha akaruka, mtu mzima yule, akaanza kunipigia makofi, na nikayasikia makofi.

Ndipo hasira ikaja. Nimetobolewa fuvu kwa ajili ya koo moja, na wewe umenitumia koo ninalogombana nalo tangu lina meno ya utoto. Miezi miwili namsikiliza msusi akinisomea vitunguu, nikidhani ni wewe. Nimerudia barua yako ya Machi. Hukudanganya hata neno. "Yamesomwa", umeandika. Yamesomwa! Shule imekufundisha vizuri.

Basi la mwisho wa mwezi litaondoka bila mimi. Sitoki hapa. Nataka kadi.

Mama yako


16 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula, na nimeaibika mpaka nimeshindwa kulala. Mama Mdogo anasema, "Haya, mwambie nilikuonya." Kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Nilijaribu mwezi wa Februari, Mama. Nilijifungia nikabonyeza kitufe, na sauti iliyotoka sikuijua ni ya nani. Nyumbani kwetu sauti haikuwa na kazi. Nilipokuwa mdogo niliongea, nikaona hainifikishi kwako, nikajifunza macho na mikono, na njia ile nyingine ikaota majani. Sikuamua. Nadhani nami nilijipanga. Halafu ukaniambia unataka koo langu, na ndani mwake mlikuwa hamna kitu ambacho ungekikumbuka. Chiriku hayupo tena.

Hii kadi ni yangu. Nimerekodi kwenye chumba cha kabati la joto, mlango umefungwa, hivyo kuna mvumo wa injini. Sikuirudia kuisikiliza. Ningeisikiliza nisingeituma.

Usiifungue mbele ya watu.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Salamu yako safari hii sikuisoma tu, niliisikia. Umesema "Shikamoo Mama", halafu ukanyamaza muda mrefu hata Mwalimu wa Sauti akadhani kadi imekwisha, akanyoosha mkono kuitoa. Nikaushika mkono wake. Kisha nikamtoa nje, kama ulivyoomba.

Nilikuwa nimejiandaa kumsikia mtoto wa darasa la kwanza. Ujinga wa mama huo. Nilijua umekua, nimekushonea sare za kila mwaka, lakini masikio yangu yalikuwa yamebaki mlangoni yakimngoja yule mdogo.

Aliyekuja ni mama yangu.

Ni yeye, bibi yako, aliyefariki kabla hujazaliwa. Hukumsikia hata siku moja, wala hakuna kanda wala picha yake inayosema. Alikuwa na namna ya kulishusha neno mwishoni, kana kwamba analiweka chini asiliamshe. Mdogo wangu hana namna hiyo, yeye alichukua koo la baba. Mimi sina. Nilidhani imezikwa naye. Na sasa mtu anasema "dirisha", taratibu, analishusha vilevile, na nyuma yake injini ya nzi inavuma. Nilikaa sakafuni, mwanangu. Kiti kilikuwepo sikukiona.

Mwulize Daktari wako ilikuwa wapi muda wote. Ilipita ndani yangu kama maji yanavyopita bombani, bila bomba kuonja. Najua atasema ni umbo la koo, ni mifupa ya uso. Mwambie nimekubali. Mwambie nami sasa nimeuona ule mstari usiokatika, na nimeusikia ukisema "kitunguu". Na umenifikia kwa vituo ishirini na viwili, kwenye kichwa cha mwanamke aliyechoka, ambacho hakuna aliyekipanga.

Unasema ndani ya koo hamna kitu ninachokikumbuka. Umeona sasa.

Nakaa huku miezi miwili zaidi. Kadi nyingine sitaki, wala barua. Ukiijibu hii kwa karatasi sitaifungua. Jumamosi asubuhi Mwalimu wa Sauti ataniachia chumba chake na simu ya mezani. Namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Najua unavyoogopa simu. Mimi pia naogopa, maana kwenye simu hakuna midomo ya kutazama. Nitakosea. Nitasema "nini?" mpaka uchoke, nawe utarudia, nami nitasema "nini?" tena.

Ikilia nitaipokea mwenyewe. Ukishindwa kusema mara moja, usikate. Nitakuwa nasikiliza unavyohema.

Mama yako